Majina Tuliyompa Reine

Nilikuwa wa tatu kwenye foleni, kwa hiyo lawama na mimi zinanihusu. Naanza na hilo ili mtu asiseme mimi, Esperance, ninamchafua mtoto wa mwenzangu.

Mtoto mwenyewe ni Reine, binti wa rafiki yangu Kahambu. Alifika Kampala akiwa mgongoni mwa mama yake, mwaka tuliokimbia Kongo kutoka upande wa Butembo, akakulia Katwe huku sisi tukifanya kazi moja. Wateja wetu wako Kongo. Wakipiga simu, tunaingia soko la Kikuubo, tunawanunulia sabuni na mafuta ya kupikia, tunafunga mizigo, tunaandika majina juu kwa kalamu nene na kuipakia kwenye malori ya mpakani. Faida yake ni ndogo, lakini ndiyo iliyomfikisha Reine mwaka wa pili wa masomo ya biashara chuo kikuu.

Juni wanafunzi wakapelekwa kwenye mafunzo kazini. Reine alipokelewa na kampuni inayotengeneza sabuni hiyo hiyo tunayouza, ofisi zake ziko kwenye barabara ya kwenda Port Bell. Kahambu alitangaza kanisani, nasi tukapiga vigelegele kama vile tumeposewa.

Mwezi mzima mtoto alitoa fotokopi na kubeba chai. Walikuwa wanafunzi kumi na mmoja, wakaambiwa atakayefanya vizuri kuliko wote atarudishwa na kupewa kazi. Neno hilo lilimkondesha Reine. Alikuwa na shati jeupe moja tu, akilifua kila jioni na kulipiga pasi alfajiri.

Wiki ya tano mkuu wa mauzo, Bwana Okidi, akawauliza: sabuni yetu inafikaje Kongo, na nani anaipeleka? Wenzake wakatazama meza. Reine akainua mkono. Angefanyaje? Tangu aingie pale, hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza ambalo yeye alijua jibu lake kuliko wote.

Bwana Okidi akamwagiza aandike ripoti, na Jumapili, baada ya ibada, akatujia na fomu. Hapo nataka kucheka nashindwa. Sisi wakimbizi tumeandikwa mpaka tumezoea. Maisha yetu yote, mtu mwenye fomu na kalamu hufuatwa na blanketi, au unga, au angalau ahadi. Tulipanga foleni na vitambulisho vyetu vya ukimbizi, na mama mmoja alibeba picha za watoto wake wote sita.

"Mama, hii haiko ya musaada," Reine alisema. "Ni ya masomo."

"Andika tu," Kahambu akamjibu. "Bakishaandika jina, kitu inakuja."

Akatoa daftari lake la wateja wa miaka kumi na nne: jina, simu, duka liko wapi, anachukua sabuni gani, siku gani. Nami nikatoa langu. Nilimtajia mpaka Dady, mteja wangu mkubwa wa Butembo, nikasisitiza kwamba asipopatikana apigiwe mke wake. Reine aliandika yote kwa mwandiko mzuri.

Ripoti ilitoka kurasa kumi na tisa. Bwana Okidi aliipeleka kwa wakubwa, wakampigia Reine makofi, na chuo kikampa alama ya juu kabisa. Kahambu alichinja kuku.

Oktoba simu zikaanza kupungua. Nikampigia Dady.

"Mama Esperance, usikasirike," akasema. "Lori ya kampuni inafika mpaka ku mulango yangu. Hata jina ya bibi yangu banaijua."

Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako, lakini mimi siwezi kumwita Reine chawa. Nilimweleza yeye kwanza. Kesho yake akavaa shati lile na kwenda kwa Bwana Okidi kuomba wale akina mama wapewe angalau kazi ya kupakia. Akauliza pia, na ile kazi yake aliyoahidiwa je?

"Ulifanya kazi mzuri sana, soko imefunguka," Okidi alimwambia. "Lakini sasa hivi nafasi hakuna. Jaribu mwaka ujao."

Jioni hiyo nilikuwepo alipomwambia mama yake. Kahambu alikuwa akichambua maharage na hakuacha.

"Bote biko mu ile karatasi?"

"Bote, mama."

"Ulibaandika muzuri?"

"Balinipa A."

"Basi, ni ile tulikutumaka kusoma," Kahambu akasema, akaendelea na maharage yake. Niliumia. Afadhali angempiga.

Mwaka wa tatu Reine hakurudi chuoni, maana hapakuwa na cha kumrudishia. Sasa tunakaanga mandazi sisi watatu, mdomoni mwa Kikuubo, na mama na binti wanaongea mambo ya unga na mafuta tu.

Juni hii akaja kijana wa shati jeupe, na beji ya kampuni ile ile kifuani. Safari hii wanataka kujua wanaopeleka mafuta Bunia, huko huko Kongo. Wanawake waliofika juzi juzi walishajipanga, vitambulisho mkononi. Reine akaacha karai la mandazi, akakimbilia mbele ya foleni.

"Musimupe majina," akawaambia. "Nababembeleza, musimupe."

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akamshika mkono, kwa upole tu, akamwonyesha nyuma.

"Dada, panga mustari. Sisi bote tuko na shida."