Mwezi wa Idi Niliouona Peke Yangu

Mpaka leo nikipita mbele ya msikiti wetu hapa Mususa, mjini Butembo, naangalia viatu vyangu, maana nikiinua uso tu lazima mtu aniulize habari za mwezi. Wacha niwaeleze mwenyewe, heri mnicheke kwa habari kamili kuliko kwa zile mlizopewa sokoni.

Mimi ni fundi wa simu. Kaka yangu, dereva wa malori, aliniletea kutoka Kampala darubini ya mtumba, bomba jeupe juu ya miguu mitatu, na tangu siku ile nikajiona profesa. Sasa, ukichungulia ndani ya bomba unaona sehemu ndogo sana ya mbingu, huwezi kupata kitu kwa kubahatisha, kwa hiyo pembeni kumefungwa kidude cha kulengea: kioo kidogo chenye nukta nyekundu inayowaka, unafungua macho yote mawili, unaiweka nukta juu ya kile unachokitaka, na bomba nalo litakuwa linakiangalia kilekile. Lakini (hapa ndipo msiba wangu ulipoanzia) sharti nukta na bomba viwe vimepatanishwa kwanza, mchana, kwa kulenga mti au mnara wa mbali na kuzungusha skurubu mbili taratibu mpaka vikubaliane. Ni kazi ya dakika tano.

Siku ya Ramadhani ishirini na tisa, alasiri, shehe wetu akanipigia simu.

"Yusufu, leo mawingu iko mingi. Leta ile mashini yako itusaidie kutafuta mwezi."

Mwezi ukionekana, kesho yake ni Idi. Usipoonekana, tunafunga siku ya thelathini. Wala si sisi wa Butembo peke yetu, maana kule Beni shangazi yangu, Mama Zaina, alikuwa amekaa na simu mkononi anangoja neno letu, na mtaa wake mzima ukimngoja yeye. Nikafunga darubini nyuma ya pikipiki, nikapanda nayo kilima, mashimo yote ya njia ile mnayajua. Nilipofika kwenye shamba la maharagwe la Mama Kavira, jirani yetu Mkatoliki (alituruhusu kusimama pale mradi tusikanyage maharagwe yake), nikakuta kidude kimelegea, kinacheza kama jino la mtoto.

Ningesema, jamani, mningoje kidogo. Lakini wazee walikuwa wamenizunguka, jua linazama, mawingu yanajikusanya, na shehe ameshawaambia wote kwamba Yusufu ana akili ya mashini. Nikaona haya kuonekana natengeneza chombo mbele yao. Nikakikaza kwa vidole, nikasema, "Iko tayari." Basi, ni hapo tu, ndugu zangu, sikufanya kosa lingine kubwa, mengine yote yalijileta.

Jua lilipozama nikaiweka nukta nyekundu palepale mwezi ulipotakiwa kuwa, juu kidogo ya mlima, nikachungulia kwenye bomba. Giza. Nikasogeza kidogo, nikaona ukungu. Nyuma yangu nasikia watu wanapumua, tumbo la mtu mmoja linanguruma, na shehe ananiuliza kwa upole (upole wake ndio ulionimaliza), "Unaona? Ama hapana?" Najua dakika zinakwisha, najua nikikosa mimi wamekosa wote, moyo unanidunda mpaka jicho linacheza kwenye kioo, na hapo kikaingia kijipande cheupe, chembamba, kimejipinda kama bakuli, vilevile mwezi mchanga unavyolala huku kwetu.

"Niliona! Niliona mwezi!"

Shehe akachungulia, macho yake ni ya uzee, akasema kweli kuna kitu cheupe. Mzee mwingine akaona pia. Takbira zikapanda, watu wakakumbatiana, simu zikatoka mifukoni, na kabla sijapata hata tende moja nikasikia sauti ya Mama Zaina kwenye simu ya mtu aliyesimama kando yangu, anapiga vigelegele Beni nzima imsikie.

Wakati huo Mama Kavira naye akaomba aone mwezi wa Waislamu. Akainama, akashika kifundo kilicho pembeni mwa bomba, cha kuifanya picha iwe safi (ambacho mimi, profesa, sikukigusa), akakizungusha.

"Yusufu. Kuko ndege mu mwezi."

"Ndege ya namna gani, Mama?"

"Kunguru. Iko inajikuna. Lakini ile haiko mwezi, ile njo parabole ya shemeki yangu, iko ku nyumba yake kule ngambo."

Nilichungulia. Ukingo wa chini wa parabole, yaani dishi kubwa la televisheni, ulikuwa umeshika mwanga wa mwisho, na kunguru amekaa ndani yake, ametulia kabisa. Nukta yangu ilikuwa imelenga mbingu, bomba lilikuwa limelenga paa la mtu. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na miguu yote mitatu ya darubini. Kicheko kilianza kwa mmoja kikawaambukiza wote, isipokuwa shehe, ambaye alipiga Beni kwa simu yake, akanikabidhi niseme mwenyewe.

"Wewe njo uliona. Wewe njo utabaambia."

"Shangazi," nikasema, "hakuna Idi kesho."

"Sasa mwezi ilienda wapi?" akauliza.

"Iko ku nyumba ya mutu."

Nilidhani yameishia hapo. Lakini Mama Zaina, kwa furaha yake, alikuwa ameshamtuma mtu wa pikipiki kumpa habari mumewe, Papa Amisi, mzee wa miaka zaidi ya sabini, aliyelala kwenye shamba lake la kakao nje ya Beni. Kule simu haishiki, na giza likishaingia hakuna anayethubutu kupita njia ile mara ya pili, kwa hofu ya wenye bunduki. Sikulala. Asubuhi mzee akaoga, akavaa kanzu mpya, akanywa chai na mkate, akaja mjini kwa miguu anawapa watu mkono wa Idi, na watu hao wamefunga, midomo imewakauka. Alikuwa amefunga mwezi mzima bila kuacha hata siku moja, pamoja na ugonjwa wake wa miguu.

Baada ya Idi ya kweli nikaenda Beni kumwomba msamaha, siku ileile aliyochagua kuilipa saumu aliyoikosa. Nikafunga naye. Nikajitetea, nikaeleza habari ya skurubu, ya kidude, ya mashimo ya njia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Yusufu, mimi sikuona ile mwezi yako hata kidogo. Nilikunywa chai juu ya neno yako."

Tangu siku hiyo napatanisha kidude changu mchana, peke yangu uani. Na jicho langu likiona kitu nafunga mdomo, namwita mtu mwingine achungulie, namngoja yeye kwanza aniambie anaona nini.