Mama Alipopita Johannesburg

Kutoka Durban hadi Lubumbashi ni kilomita elfu mbili hivi. Ndege ya saa moja hadi Johannesburg, nyingine ya saa mbili na nusu, na mtu ameshafika kwao. Zénon, kinyozi wa mtaa wa Point, Durban, aliyajua hayo kwa wateja wake wenye pasipoti, waliokwenda na kurudi wakimletea salamu. Yeye mwenyewe aliingia Afrika Kusini kwa malori akiwa kijana, akapewa karatasi ya ukimbizi. Karatasi ile ilimruhusu kukaa, lakini akirudi Kongo hata kwa wiki moja, ataipoteza. Ndiyo maana miaka kumi na mitatu ilipita bila kumwona mama yake, Mama Clementina.

Mwaka huu Tina, dada yake aliyeolewa Perth, Australia, alimpatia mama kibali cha kwenda kuishi naye. Tiketi ilipitia Johannesburg, na mama angesubiri uwanjani karibu siku nzima kabla ya kupanda ndege ya pili.

"Nenda, ndugu," Blaise, mwenye saluni, alimwambia. "Vichwa vya leo niachie mimi."

Zénon akapanda basi la Johannesburg, shati limepigwa pasi, na sweta ya kumpa mama ndani ya mfuko wa plastiki. Alipofika uwanjani alimwendea mlinzi kwenye mlango wanakotokea abiria.

"Eish, ndugu yangu," mlinzi alisema, "wanaobadili ndege hawatoki huku. Wanabaki ndani."

Simu ikalia. Alikuwa mama.

"Nimefika, mwanangu. Wamenitia mu kigari, iko mtoto wa kike ananisukuma. Uko wapi?"

"Niko hapa nje, mama."

"Basi ingia."

"Hawaniruhusu."

"Haya, mimi nitatoka." Zénon akamsikia akimsihi yule msichana kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa cha kuokoteza: mwanawe wa mwisho yuko mlangoni, atamshika mkono tu, atarudi. Msichana alijibu kwa Kiingereza, taratibu, bila ukali. Kwa umbali ule Zénon aliambulia neno moja tu, viza, akajua basi tena.

Tangazo likapita juu ya kichwa chake. Papo hapo akalisikia tena ndani ya simu, likitokea upande wa mama.

"Umesikia?" mama aliuliza.

"Nimesikia."

Huenda palikuwa na kuta mbili tu kati yao, huenda tatu. Zénon alitembea kando ya ukuta hadi mwisho wa ukumbi, akarudi, akaenda tena, simu sikioni. Mama alimuuliza kama amekula. Akamwombea. Kisha akasema, "Wananiita, Zénon," na sauti ikakatika.

Alisimama chini ya ubao wa safari mpaka jina la Perth likafutika. Safari ya karibu saa kumi angani, chini bahari tupu. Sweta akampa mwanamke aliyekuwa akifagia, akaenda kutafuta basi.

Zamani, jua likizama Durban, Lubumbashi nako lilikuwa likizama, na mama alipokea simu saluni ikifungwa. Sasa saluni inapofungwa, kule Perth mama amelala zamani. Zénon humpigia adhuhuri, kule ikiwa jioni, amesimama mlangoni mwa saluni, na mteja akimngoja kitini, nusu ya kichwa imenyolewa.