Jogoo wa Bulaimu Mjini Brisbane

Mpishi akipika vizuri kupita kiasi, atajikuta mbali na kwao. Ndivyo ilivyompata Bulaimu wa Kasongo. Bwana wake alikuwa daktari wa mifugo, Mbelgiji ambaye watu walimwita Bwana Kupe kwa kuwa aliwapenda kupe kuliko wakwe zake. Mwaka 1954 aliitwa Australia kwenda kuangalia dawa mpya ya kuogeshea ng'ombe, na kwa vile tumbo lake lilikataa chakula cha mkono mwingine wowote, akaamua kumchukua Bulaimu.

Habari ilienea Kasongo nzima kabla ya adhuhuri. Bulaimu hakutembea tena, alipepea. Akaenda moja kwa moja kwa mzee Atumani, baba yake Feza. Huo ulikuwa mwaka wa pili anamposa Feza bila kupewa jibu, akadhani safari hiyo itamlainisha mzee.

"Australia," Atumani alisema, kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani. "Baba yangu alitembea kwa miguu mpaka Ujiji. Kila inchi aliyoingia, alitoa kuku kwa mwenye inchi, mwenye udongo ule, akapokelewa. Wewe unabebwa kama sanduku. Ukirudi nitakuuliza neno moja tu: nani alikupokea? Kama hakuna mutu, basi ulipita. Hata mbuzi inapita, na mbuzi siwezi kuipa mutoto wangu."

"Na kama nimepokelewa, baba?"

"Hapo tutaongea."

Basi akaenda. Treni mpaka Albertville, ziwa, treni nyingine, kisha meli mbili. Yalikuwa majuma saba, na mawili kati yake aliyamaliza kwa kutapika.

Lakini Brisbane! Jua la huko lilikuwa jua kweli, la kuunguza kisogo. Mto mpana, rangi ya chai ya maziwa, ulipinda katikati ya mji kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Nyumba za mbao zilisimama juu ya miguu kama ghala za mahindi. Na nyuma ya nyumba, mipapai! Migomba! Maembe yalikuwa yameanguka kando ya barabara, Wazungu wanayaruka bila kuokota, hata Bulaimu akaona aibu kwa niaba yao. Bandarini ndiko alikoona jambo ambalo hata angeapa msikitini watu wa kwao wasingemwamini: Mzungu, shati limelowa jasho, gunia mgongoni, na hakuna anayekimbia kumpokea. Bulaimu alimkodolea macho mpaka yule Mzungu akamkonyeza.

Siku tatu alizunguka hivyo, shingo ikimuuma kwa kugeukageuka. Watu walimwangalia, wengine wakacheka, wengine wakavuka barabara. Hakuna aliyempokea. Na meli ya kurudi ilikuwa inaondoka kesho.

Siku hiyo ya mwisho Bwana Kupe alikwenda kwa ng'ombe wake. Bulaimu akaenda sokoni, akanunua jogoo mwekundu, akagombana na muuzaji aliyetaka kumchinja pale pale, kisha akaelekea kwenye nyumba kubwa kuliko zote, ile yenye mnara wa saa. Kiingereza alichookota melini kilikuwa na maneno kumi, na sita yalihusu mayai. Kwa hiyo alimwonyesha mlinzi wa mlango jogoo, akainua mkono juu ya kichwa: mkubwa wa hapa, yuko? Mlinzi akamwita mwenzake. Wakampapasa jogoo, wakamsifu mkia, wakampa Bulaimu mkono, wakafunga mlango. Jogoo alikuwa amepokelewa vizuri kuliko mwenyewe.

Akashuka mtoni na kukaa kwenye majani, jogoo kwapani.

"Bulaimu, wewe iko mujinga," akajiambia kwa sauti. "Hata kwetu, nani anapelekea Administrateur wa serikali kuku ya inchi? Ule anapata kodi, inamutosha. Mwenye inchi ni mutu mwingine, na nyumba yake haina saa."

Akasimama, akafuata ukingo, akavuka daraja, akaendelea. Na kule chini, mahali ambapo barabara ya lami ilichoka, alimwona mama mzee anavua samaki kwa uzi. Alikuwa mweusi kama yeye, miguu mitupu, ametulia kama mtu aliye kwake.

Moyo wa Bulaimu uliruka kuliko jogoo. Akachuchumaa mbali kidogo, akapiga makofi matatu ya heshima, akamweka jogoo mbele ya yule mama kwa mikono miwili. Akagusa udongo. Akaonyesha mto. Akamwelekezea mkono yule mama.

Mama aliuacha uzi. Akasema neno ambalo halikuwa Kiingereza, akashika mkono wa Bulaimu, akaukandamiza chini udongoni. Halafu, bila maneno mengi, akampa Bulaimu kisu amchinje jogoo, akakoka moto.

Miezi minne baada ya kuondoka, Bulaimu aliketi tena barazani kwa Atumani, nusu ya mtaa ikisikiliza.

"Nani alikupokea?"

"Mama mumoja muzee, mwenye inchi. Tulikula jogoo pamoja kando ya mto."

"Na firigisi? Ulikula wewe?"

Bulaimu alitamani sana kusema ndiyo. Ingekuwa heshima kubwa, na nani angekwenda Brisbane kuuliza?

"Hapana, baba," alisema, macho chini. "Alikula yeye. Mimi nilipewa shingo na bawa. Hata hakuniangalia alipokuwa anaitafuna."

Watu walicheka mpaka wakashikana. Atumani peke yake hakucheka.

"Mumalize kucheka," aliwaambia. "Wote wanaorudi kutoka Stanleyville na Usumbura, wote eti walipewa firigisi na machefu, wakubwa wa kule. Waongo! Mwenye inchi wa kweli hatoi firigisi. Ni yake. Huyu alifika."

Nyuma ya pazia Feza alipiga kigelegele, akaziba mdomo, lakini alikuwa amechelewa.

"Nyamaza kule, sijamaliza!" Atumani akamgeukia Bulaimu. "Ijumaa lete wazee wako."

"Na kuku, baba?"

"Na kuku. Lakini firigisi utaiona kwa macho tu."