Bunduki Katika Fleti Yetu ya Tottenham

Juzi nilipanda lifti na kijana wa jirani aliyekuwa ametoka kutengeneza baiskeli yake, mikono imejaa mafuta hadi kwenye viwiko. Lifti za majengo ya halmashauri hapa Tottenham zina harufu zake, nyingine si za kusimulia mbele ya watu, lakini asubuhi ile harufu ya mafuta yale mepesi, matamu kidogo, yanayokaa nyuma ya pua, ilizifunika zote. Nikapitiliza ghorofa yangu bila kujua. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja tena, nimekaa kwenye zulia la sebuleni, namtazama Baba akipitisha kitambaa ndani ya mtutu wa bunduki.

Ndiyo, bunduki. Na kabla hamjaanza kutufikiria mabaya, ngojeni niwasimulie.

Baba alikuwa dereva wa basi. Kabla ya hapo, kabla ya London na kabla yangu mimi, alikuwa askari wa wanyamapori kusini mwa Tanzania, na kadiri alivyokaa mbali na kazi ile ndivyo alivyozidi kuipenda. Nyumbani kwetu habari za tembo waliovamia mashamba zilikuwa kama redio: ziliendelea tu, usikilize usisikilize. Mimi nilizaliwa hapa hapa. Kiswahili nilikisikia chote ila nilijibu kwa Kiingereza, kwa hiyo mengi niliyoyasema siku zile nimeyavika Kiswahili baadaye, kama mtu anayemvalisha mtoto nguo za kwendea kanisani.

Kazini Baba alikuwa na rafiki aitwaye Derek, Mzungu mwembamba aliyekulia shambani huko Essex, dereva mwenzake. Siku moja Derek alimpa kipande cha nyama kilichoganda, kimefungwa kwenye mfuko wa mkate. Baba alikipika mwenyewe, kwa vitunguu na pilipili manga, akala kipande cha kwanza huku amefumba macho. Nyumba nzima ilinuka moshi na majani.

"Hii nyama imetembea," akasema.

Nyama nyingine zote tulizokula London, kwa maoni ya Baba, hazikuwahi kutembea.

Ilikuwa nyama ya yule mnyama wa misitu ya huku ambaye Waingereza humwita deer, na jina lake la Kiswahili likatuletea ubishi wa wiki nzima. Baba alisema ni mbawala. Mama alisema mbawala gani mwenye pembe kama matawi, huyo ni kulungu. Rafiki yake Mama, Mzanzibari mwenye duka la manukato Edgware Road, alipoulizwa kwa simu akajibu kwamba ni paa na asisumbuliwe, ana wateja. Tukaishia kwenye kulungu, kwa sababu Mama ndiye aliyekuwa anapika siku hiyo.

Derek alikuwa na ruhusa ya kuwinda kwenye shamba la binamu yake, ambako kulungu walitafuna ngano na miche ya miti mpaka mkulima akakata tamaa. Akamkaribisha Baba. Na Baba, ambaye kwa miaka alikuwa anarudi kutoka shifti akakaa mbele ya televisheni na viatu miguuni, alianza kusoma. Alisoma sheria za uwindaji za England kama wengine wanavyosoma magazeti ya mpira, akitusomea kwa sauti pale palipomfurahisha. Kwamba kulungu dume ana miezi yake na jike ana miezi yake, na nje ya miezi hiyo humgusi. Kwamba huwindi usiku. Kwamba si kila bunduki inaruhusiwa, wala si kila risasi, maana sheria haitaki mnyama aende akafie mbali na maumivu yake.

"Sheria nzuri hizi," alisema. "Mnyama naye ana likizo."

"Na mimi likizo yangu ya kusikia habari za bunduki ni lini?" Mama akauliza.

Mama alikuwa nesi, mzaliwa wa Mahenge, mtu wa kucheka kwa urahisi. Lakini kwenye jambo hili hakucheka. Alisema mara moja, akiwa anakunja shuka, kwamba bunduki haitaingia ndani ya nyumba yake, na hakueleza kwa nini. Mimi nilidhani ni kwa sababu ya mtaa. Vijana wa mtaani kwetu walikuwa na sifa mbaya kuliko walivyostahili, na nilijua Mama aliogopa majirani watasema nini. Baba hakubishana naye. Aliendelea kusoma, kimya kimya sasa, na akarudia kukaa na viatu miguuni.

Sijui ni nini kilizungumzwa kati yao. Ninachokumbuka ni kwamba jioni moja Mama aliketi mezani mbele yake akasema, "Haya. Niambie itakaa wapi."

Baba akaeleza: ndani ya kabati la chuma lililofungiwa ukutani kwa boliti, na ufunguo asijue mtu mwingine yeyote mahali ulipo.

"Mtu mwingine kama nani?"

"Yeyote, Mama Upendo. Hata wewe."

Mama akaweka kijiko chini. "Namba ya siri ya kadi yako ya benki naijua. Lakini ufunguo wa kabati lililo chumbani kwangu nisiujue?"

"Ndivyo inavyotakiwa."

"Aliyetunga sheria hiyo hakuwa na mke."

Lakini nilimwona akifikiri. Wodini kwao dawa kali zilikaa kwenye kabati la kufungwa, na Mama alikuwa na heshima kubwa kwa watu wanaokumbuka kufunga makabati.

Ukaja sasa mjadala wa bunduki yenyewe, maana kibali hakiombwi tu kwa jumla. Ni lazima useme unataka bunduki ya kipimo gani na ya kazi gani. Derek alikuja nyumbani, akanywa chai ya tangawizi iliyomtoa machozi, akapendekeza ile ya mbili-nne-tatu, ambayo inavuka kidogo tu kipimo cha chini kinachotakiwa kwa kulungu. Baba akacheka mpaka akashika meza. Kule porini alibeba bunduki ya kumsimamisha nyati.

"Hiyo ni ya kufukuzia kunguru," akasema.

"Nyati hayupo Essex," Derek akamjibu taratibu. "Kubwa itakupiga teke la bega, utaanza kuiogopa bila kujua, na mwenye kuogopa bunduki yake hupiga vibaya. Halafu nusu ya nyama utaitupa."

Baba akaiandika ile ya mbili-nne-tatu kwenye fomu. Kilichomshinda, nafikiri, ni ile habari ya nyama.

Aliyekuja kutukagua kutoka polisi alikuwa mama wa makamo, bila sare, viatu vimelowa mvua. Alilijaribu kabati kwa kulitikisa, akamuuliza Baba maswali mengi kuhusu afya yake, kuhusu hasira zake, kuhusu shamba la binamu wa Derek. Kisha akasema angependa kuzungumza na Mama peke yake. Wakaingia jikoni. Baba akabaki sebuleni amekaa wima kama mtu aliye kwenye foleni ya hospitali, na mimi nikasimama koridoni, ambako kila neno la jikoni kwetu lilisikika, kwa sababu mlango ule haukuwahi kufunga vizuri.

Yule mama alimuuliza kama ana wasiwasi wowote. Nilijua neno moja la Mama lingemaliza kila kitu.

Mama akauliza swali ambalo niliona halina maana kabisa. "Mtu akiona kitu kinatikisika kwenye majani, hakioni vizuri, anatakiwa afanye nini?"

"Hapigi," yule mama akasema. "Hapigi mpaka ajue ni nini, na ajue kuna nini nyuma yake. Mtu asiyeelewa hilo simpi kibali."

"Basi mwambie hivyo. Nikiwa nasikia."

Baba akaitwa. Yule mtu wa serikali akamrudishia maneno yale yale, hapo mbele ya jiko na sufuria ya maharage, na Baba, aliyewahi kuwafundisha vijana wengi maneno hayo hayo huko kusini, hakusema kwamba anayajua. Alisema, "Ndiyo, nimesikia." Lakini alimwambia Mama, si yule mgeni.

Kibali kilipotoka tulikwenda dukani wote watatu, Mama na mkoba wake wa kwendea kanisani. Duka lilikuwa nje ya jiji, dogo, lina joto, linanuka ngozi na yale mafuta. Muuzaji alikisoma kibali mbele na nyuma, kisha akaleta bunduki mpya, nyeusi, yenye kitako cha plastiki. Baba aliipokea kwa adabu akairudisha kwa adabu. Akaletewa nyingine, ndefu mno. Shavu lake halikukaa vizuri. Ya tatu ilikuwa ya mtumba, kitako cha mti wa rangi ya kahawa, kina mkwaruzo mrefu ubavuni. Baba alihakikisha haina risasi, akafumba macho, akaipandisha begani, akafumbua. Darubini ilikuwa sawasawa mbele ya jicho lake.

"Hii inanifahamu," akasema.

"Kitu cha kuizuia isilie kiko wapi?" Mama akauliza. Muuzaji akamwonyesha kile kitufe cha usalama. Mama akamwagiza Baba akifunge na kukifungua mbele yake, tena, na tena, mpaka muuzaji akaanza kupanga vitu ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa.

Asubuhi ya kwanza ya kuwinda ilikuwa Novemba, msimu wa majike. Niliruhusiwa kwenda kwa masharti ya kukaa kimya, jambo ambalo Baba alisema litakuwa muujiza kuliko kulungu. Jioni hiyo Mama alikuwa amealika watu wa jumuiya yetu ya kanisani, Wakenya na Watanzania, waje kuonja, na wote walikuwa wameshaanza kumtania Baba.

Tulikaa kwenye kibanda cha mbao kilichoinuliwa juu ya ngazi ukingoni mwa msitu, Derek, Baba na mimi. Baridi ilipenya kwenye soksi. Kulipopambazuka ukungu ulikuwa umelala juu ya magugu makavu ya rangi ya kutu, na ndege mmoja alikuwa anapiga kelele kama mlango usiotiwa grisi. Halafu magugu yakatikisika. Kitu cha kahawia kikasogea, kikasimama. Niliona mgongo, labda na shingo.

"Jike," Derek akanong'ona. "Mpige."

Baba alikuwa ameshaegemeza shavu kwenye kitako. Alitazama kwa muda mrefu mpaka nikadhani amelala. Kisha akainua kichwa, akarudisha kitufe cha usalama, na mlio wake mdogo ulisikika wazi katika ukimya ule.

"Ni jike, rafiki yangu," Derek akasema, sasa kwa sauti.

"Huenda. Dume naye akiangusha pembe anafanana hivyo hivyo. Na nyuma yake sioni kitu."

"Nyuma yake ni mlima wa udongo. Nakijua kila kichaka hapa."

"Wewe unakijua. Mimi nauona ukungu."

Magugu yakatikisika tena, na kile kitu kikaenda zake. Mpaka leo hatujui kilikuwa dume au jike. Tulikaa mpaka jua likapanda, hakikuja kingine. Derek alinuna njia nzima mpaka Walthamstow, na mimi nilinuna naye, maana nilikuwa nimeshawaambia shuleni.

Tulipita buchani tukanunua mbuzi.

Wageni walikuwa wameshajaa sebuleni. Mama Brenda, nesi mwenzake Mama kutoka Nyeri, alisimama mlangoni na sahani tupu mkononi. "Baba Upendo, tumekuja na njaa! Mnyama ako wapi?"

"Yuko kwao," Baba akasema.

Walicheka mpaka jirani wa chini akagonga dari. Mzee mmoja akasema London imemlegeza askari wetu, sasa anawinda kwa macho tu. Baba naye alicheka kidogo, lakini alikuwa anayasugua masikio yake, kwa baridi au kwa aibu, na mimi nilimwonea huruma kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Mama alitoka jikoni akijifuta mikono. Hakucheka na wengine. "Hukumwona?" akauliza.

"Nilimwona," Baba akasema. "Sikumwona vizuri."

Mama alimtazama mbele ya watu wote. Kisha akageuka, akarudi jikoni, na tukasikia bomba la maji likifunguliwa, likatiririka kwa muda mrefu bila chombo chochote kuoshwa. Nilijua ameaibika. Nilimkasirikia Baba kwa ajili yake, na nilikula mbuzi wangu nimempa mgongo.

Baadaye, kabla msimu haujafungwa, Baba alipata jike mmoja, kwa risasi moja, na Mama akampika kwa nazi, na Mama Brenda akala mara tatu. Watu walisahau ile jioni ya mbuzi. Mimi sikuisahau, ila niliikumbuka vibaya.

Nilikuwa na mtoto wangu mwenyewe mgongoni tulipokwenda Mahenge na Mama kumwona kaka yake, Mjomba Anseli, aliyekuwa anaumwa. Mjomba alikuwa na mguu mmoja mfupi, na tangu utoto wangu niliambiwa alianguka kutoka juu ya mti. Jioni moja nilimsaidia Mama kumwogesha, nikaona kovu pajani. Halikuwa kovu la kuanguka. Tulipotoka nje nikamuuliza.

"Ni babu yako," akasema. "Alikuwa analinda mahindi. Nguruwe walikuwa wanatumaliza mwaka ule. Akaona mahindi yanatikisika, akapiga gobori. Anseli alikuwa ameingia kuchuma majani ya maboga. Mimi ndiye niliyemtuma."

Nikauliza kama Baba alikuwa anajua. Akasema alimwambia kabla hawajafunga ndoa.

"Sasa kwa nini ulikubali bunduki iingie ndani?"

Mama alikuwa anakamua kitambaa cha kumwogeshea kaka yake. Alikikamua mpaka hakikutoa tone, akakitandaza juu ya ua.

"Nilitaka mara moja tu maishani mwangu," akasema, "nimwone mwanamume ameshika bunduki, majani yanatikisika, na hapigi."