Ratiba Iliyopigwa Muhuri

Barua ya kuniruhusu kufanya mtihani ilifika Karatu ikiwa imechoka, imepita mikono mingi, na nilipoifungua nikakuta zimebaki wiki sita. Ulikuwa mtihani wa kuwaingiza chuo kikuu watu wazima waliokwisha kuanza kazi, na mimi nilikuwa nimeomba kusoma sheria. Nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo, msichana wa miaka ishirini na sita ambaye kutwa aliandika maneno ya watu wengine wakibishana, huku akitamani siku moja aseme yake.

Kufaulu peke yake hakukutosha. Siku ya mtihani nilitakiwa pia kuwa na barua ya mapendekezo yenye sahihi ya mkuu wangu wa kazi. Mkuu wangu alikuwa hakimu mgeni, amehamia kwetu mwezi uliotangulia, mrefu, mpole wa maneno, asiyevua koti lake la sufu hata jua likiwaka. Nilipompelekea ile barua asaini, aliitia kwenye droo.

"Nitakutazama kwanza," akasema.

Nilikaa kwa shangazi yangu, kandokando ya njia ya Qurus. Nilipomwambia kwamba nina wiki sita, aligeuka akalitazama shamba lake.

"Wiki sita maharage yanakuwa na maua," akasema. "Chakula bado. Lakini maua yapo."

Nikaanza kupanga. Ningependa kuandika kwamba nilianza kusoma, lakini nilianza kupanga. Ratiba ya kwanza ilinichukua siku mbili, kwa rula na penseli za rangi. Ya pili niliichora kwa kuwa ya kwanza ilisahau siku za mnada. Ya tatu ilikuwa nzuri mno. Saa zake za mapumziko nilizipaka kijani, nikawa nakaa nikizitazama kama mtu anayetazama ngano changa. Siku tisa zikaenda zao.

"Wewe mtoto," shangazi akaniuliza, "huo mtihani ni wa sheria au wa kuchora?"

Ratiba ya nne niliiandika nyuma ya kalenda kuukuu, kwa herufi kubwa. Jumatatu: Ardhi. Jumanne: Ndoa na Talaka. Jumatano: Wizi na Makosa Mengine. Alhamisi: Mikataba. Ijumaa: Kiingereza. Kila siku kuanzia saa kumi jioni. Kisha, ili nisiweze kuibadilisha tena, niliibeba hadi kazini, nikasubiri hakimu atoke kwenda kunywa chai, nikaipiga muhuri wa mahakama. Nilijua hati yenye muhuri haichezewi. Nilikuwa najitisha mwenyewe kwa kutumia serikali.

Chumba changu kilikuwa na dirisha dogo lisiloruhusu hata ukurasa mmoja usomeke, hivyo nilisomea uani. Ratiba nikaitundika nje, ukutani, mahali ambapo macho yangu yangeiona kila yakitaka kutoroka kitabuni.

Sikufikiri kwamba kuna macho mengine. Mwandiko wangu ulijulikana tarafa nzima. Ndio uliokuwa kwenye kila samansi, hati ya kumwita mtu mahakamani. Watu wasiojua kusoma waliutambua kwa umbo, kama wanavyotambua kwato za ng'ombe wao. Na sasa mwandiko ule ulikuwa ukutani, umepigwa muhuri, umepangiwa siku na saa, na wapita njia waliojua kusoma wakawasomea wenzao.

Jumatatu saa kumi kasoro waliingia wazee wawili waliogombania mpaka wa mashamba yao kwa miaka mingi. Kila mmoja alikuja na kigoda chake.

"Tumekuja," akasema wa kwanza. "Leo ardhi."

"Wazee wangu, hii ni ratiba yangu ya kusoma."

"Vizuri. Soma," akasema wa pili. "Sisi tutasema, wewe utasoma. Huyu alisogeza mkonge wangu."

"Mkonge ulisogea wenyewe!"

"Mkonge una miguu? Karani, andika hapo: anasema mkonge una miguu."

Nikaandika. Ningewafukuza, lakini nilikuwa na kitabu cha sheria ya ardhi kisicho na jalada wala kurasa za mwanzo, nacho nilikuwa nimekisinzilia mara nne. Mbele yangu sasa ardhi ilikuwa inatokwa na mate. Nikauliza nani alilima kwanza, nani aliona, baba yake alizikwa upande gani wa ule mkonge. Hadi jua linazama nilikuwa nimeelewa sura nzima. Wazee walivichukua vigoda vyao wakaondoka wakitukanana taratibu, kwa starehe, kama watu walioshiba.

Ratiba sikuibandua. Hapo ndipo kosa langu lilipo, na nalisema waziwazi.

Jumanne walikuja wanawake, na uani hapakuwa na nafasi hata ya kuku. Jumatano alikuja mzee wa Kimaasai kutoka Ngorongoro, ametembea siku nzima kwa ajili ya dume lake la ng'ombe lililoonekana kwenye zizi la mtu mwingine, alama yake ya sikioni ikiwa imeongezwa mkato wa pili. Alhamisi vijana wawili waliopatana kununua baiskeli moja kwa pamoja, kisha mmoja akahama nayo. Ijumaa hakuja mtu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na ugomvi na Kiingereza ila mimi, nami siku hiyo nilienda kupalilia.

Sikuhukumu kesi hata moja. Niliuliza, nikaandika hoja za upande huu na za upande ule, kisha nikawaambia waende mahakamani. Shangazi ndiye aliyenogewa. Alisimama langoni na fimbo ya kuswagia mbuzi, akipanga watu.

"Ndoa kesho, mama! Leo wezi tu!"

"Mimi si mwizi, nimeibiwa."

"Kaa na wenzako, mtajuana."

Wiki ya tatu hakimu alinyanyua kichwa kutoka kwenye daftari la kesi.

"Karani, watu wa huku wamekuwa malaika? Kesi mpya hakuna."

"Labda ni kilimo, Mheshimiwa."

Akarudi kwenye daftari. Droo yake ilikuwa imefungwa.

Jumatano iliyofuata niliinua macho uani nikaliona lile koti la sufu likiingia langoni. Shangazi hakuwahi kukanyaga mahakamani maishani mwake, na alijivunia hilo. Akamzuia kwa fimbo.

"Wewe baba mwenye koti, umeiba nini?"

"Mimi nimeibiwa," akajibu hakimu.

"Nini?"

"Muhuri."

"Basi kaa pale, nyuma ya mzee wa dume."

Akaenda akakaa. Mzee wa Kimaasai alikuwa amekuja kwa mara ya pili, safari hii na shahidi, na hakimu alisikiliza habari za lile sikio mwanzo hadi mwisho bila kukohoa. Mimi niliendelea kuuliza maswali kwa sauti ambayo sikuitambua. Watu walipoanza kunyanyuka, akawaomba wakae.

"Ukuta unasema Jumatano ni wizi na makosa mengine," akasema. "Wizi tumemaliza. Karani, mshitaki mtu aliyefanya haya."

"Mimi, Mheshimiwa?"

"Hapa kuna karani mwingine?"

Nikasimama nikajishitaki. Nilitaja muhuri uliotumika bila idhini, ofisi ya umma iliyogeuzwa mchezo, wananchi waliopotoshwa. Nilijikaanga vizuri mno, hadi mmoja wa wanawake wa Jumanne, aliyekuja kusikiliza tu, akaguna, "Huyu afungwe."

"Jitetee basi, mjinga wewe!" shangazi akapiga kelele.

Nikajitetea. Nikasema hakuna aliyehukumiwa. Nikasema muhuri ule ulikuwa kwenye karatasi inayoniamuru mimi peke yangu, na mtu hawezi kujidanganya mwenyewe kwa hati ya serikali. Nikaona vichwa vikitikisika kukubali, nikaanza kujiona nimeshavuka.

"Na mzee huyu," akasema hakimu, "aliyetembea siku nzima kutoka Ngorongoro, mara mbili, akiamini ameitwa na mahakama. Yeye aliamriwa na nani?"

Nilimtazama mzee. Miguu yake ilikuwa na vumbi hadi magotini, na alikuwa ananitazama kwa upole. Wiki zote tatu nilikuwa na maswali ya kumwuliza kila mtu, na hilo sikuwa nimemwuliza yeyote.

Hakimu aliibandua ratiba, akaikunja mara nne. "Hiki ni kielelezo," akasema. "Utaandika hukumu ya kesi hii. Kwa Kiingereza. Nikishaisoma ndipo nitasaini barua yako, au sitasaini."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja, na sikuwa na ratiba tena. Nililala na kamusi kifuani. Hukumu ya kwanza ilinirudia imejaa wino mwekundu. Ya pili ilikuwa na wino zaidi, kwa sababu nilijaribu maneno marefu. Chini ya ya tatu aliandika: "Adhabu iko wapi?" Kweli, nilikuwa nimejitia hatiani mara tatu nikajiachia huru mara tatu.

Katika ya nne nikaandika adhabu: karani aende kwa kila mtu aliyefika uani, nyumba kwa nyumba, amweleze kwa mdomo wake kwamba haikuwa mahakama. Nilipomaliza kuiandika, niligundua kwamba italazimu niitekeleze.

Ilinimeza siku tatu kati ya zile chache zilizosalia. Wazee wa mkonge walinikaribisha uji, wakaniambia hawajali, wao wamekwisha kupatana ili mmoja wao awe huru kugombana na mkwe wake. Wanawake wa Jumanne walinisema hadi masikio yakapata moto. Kwenda Ngorongoro nilipandishwa na dereva wa watalii hadi kwenye geti la hifadhi, kisha nikatembea. Mzee wa dume alikuwa ananywesha mifugo. Alinisikiliza, akacheka hadi akaegemea mkuki wake.

"Nilijua toka siku ya kwanza," akasema. "Mahakama gani ina kuku?"

"Sasa kwa nini ulirudi, mzee?"

"Mahakamani nilisema jina langu tu, wakaniambia kesi imeahirishwa. Kwako nilisema mpaka nikamaliza."

Alinipa maziwa, nikanywa nimesimama, nikiwaza kurasa zote ambazo sitawahi kuzisoma.

Jumamosi, mtihani ukiwa Jumatatu, nilimpelekea hakimu hukumu ya tano. Nilikuwa nimeongeza aya moja, niliyoiandika bila kamusi, juu ya mtu anayetembea siku nzima ili asikilizwe, na deni la yule anayemsikiliza. Alisoma akiwa amesimama dirishani. Alisahihisha kihusishi kimoja. Kisha akaketi, akaandika mstari chini kabisa, akanigeuzia karatasi: rufaa imekubaliwa.

"Lakini sikukata rufaa, Mheshimiwa."

"Utakata. Watu wa aina yako hukata." Akafungua droo, akaitoa barua yangu na kuisaini, polepole, kama anayeogopa kuchafua. "Umesoma nini mpaka sasa?"

"Ardhi, vizuri. Ndoa, kupita kiasi. Mikataba, nusu."

"Na siku mbili zilizobaki?"

Nilianza kumweleza jinsi nilivyozigawa: Jumamosi jioni hivi, Jumapili asubuhi vile. Aliinua mkono kunizuia.

"Nenda ukasome, binti," akasema.

Nikaenda.