Fundi wa Mabati Hupiga Hodi

Mvua zikikaribia, fundi wa mabati huzunguka kijiji kizima cha milimani, ngazi begani, misumari mdomoni, kidole gumba cheusi kwa lami. Bati halitazami sana. Huligonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, na palipoliwa na kutu hupajua kwa sauti. Ila hapandi kabla ya kupiga hodi akiwa bado ngazini: “Hodi huko chini! Nani yumo?” Kwao mkamwana kama yeye hasimami juu ya kichwa cha baba mkwe, naye desturi hiyo ameieneza kwa kila nyumba. Hata mtoto mchanga hutolewa nje. “Dada, utatuua kwa baridi,” jirani yake Limpho humtania. “Afadhali baridi kuliko aibu,” hujibu, misumari ikigongana menoni.

Mwaka huu upepo ulifunua bati la baba mkwe wake mwenyewe, na mzee yu kitandani, hainuki wala habebeki. Limpho, aliyeshika ngazi, aliona wingu likiteremka mlimani na mwenzake amegandia kipago cha mwisho. Fundi alipiga hodi, asipande. “Panda basi, mzee atalowa!” Limpho akamhimiza. Fundi akatikisa kichwa. Ndipo ndani pakasikika blanketi likivutwa, kisha sauti ya mzee, imezibwa na sufu: “Humu hamna mtu. Panda.”

Fundi akavua viatu kwanza.