Nilivyopindisha matokeo ya mieleka Ruangwa ili nipewe mke

Wakuu wa jukwaa, poleni na majukumu.

Nimepita kwenye uzi mmoja humu, vijana wanabishana kama mieleka ni kweli au maigizo. Kurasa sita, matusi juu ya matusi. Nikacheka peke yangu mpaka mama watoto akaniuliza kulikoni.

Mimi kwenye huo ubishi siingii. Nataka niwasimulie jinsi mieleka ilivyokaribia kuninyima mke. Hii siyo chai, nimeyaona kwa macho yangu. Na nyie wa Nachingwea na Ruangwa mtakaonitambua, tafadhali jina langu liacheni huko huko.

Twende.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa Nachingwea, nafanya kazi kwenye banda la video. Sikuwa mkata tiketi. Mimi nilikuwa mtangazaji.

Vijana wa sasa hamjui hii kitu. Mikanda ilikuwa ya Kiingereza, na wateja wetu wengi hata Kiswahili walikikuta shuleni na sokoni, nyumbani ni Kimwera, Kimakua, Kiyao. Kwa hiyo sauti ya TV tunaizima kabisa. Mtangazaji unakaa kwenye stuli pembeni, una maiki iliyochomekwa kwenye spika ya redio, unawaeleza watu nani kafanya nini na kasema nini.

Kiingereza changu kiliishia kidato cha pili. Lakini nani angenibishia? Aliyeshika maiki ndiye aliyesoma.

Sasa, mkanda uliokuwa unajaza banda kuliko yote ni lile onyesho kubwa la mieleka ambalo Wamarekani wanalilipia ndipo walione majumbani kwao. Sisi tuliliita Mkanda Mkubwa. Lilikuwa linatufikia miezi mingi baadaye, limenakiliwa mpaka picha inanyesha mvua.

Jumamosi tunaonyesha Nachingwea. Jumapili bosi anapakia TV, dekki na genereta kwenye pikapu, tunaonyesha Ruangwa. Simu za mkononi hazijafika, kwa hiyo matokeo hayavuji.

Kuna jambo moja lazima mlijue hapa, la sivyo mtaniona chizi.

Kusini kwetu utani wa makabila si wa kuchekeana tu barabarani. Mtani anaweza kuingia kwako akachukua kuku, na wewe huruhusiwi kununa. Basi huo utani ukahamia kwenye mieleka. Kila kabila likajichukulia mtu wake kwenye TV.

Wayao walimchukua jamaa mmoja mnene, tulimpa jina la Trekta. Wamwera wakamchukua kijana wa Kizungu mwenye nywele ndefu za dhahabu mpaka mgongoni, tukamwita Singa.

Aliyemchagua Singa ni Mzee Likwata, mkulima wa korosho wa Nkowe. Siku ya kwanza alipomwona anaingia ulingoni alisimama akanyoosha fimbo kwenye kioo.

"Mtazameni anavyotembea huyo. Huyo ni mtu wa Nkowe! Huyo mpwa wangu."

Kuanzia siku hiyo banda zima likawa linamwita Mjomba. Singa akipigwa, watu wanampa pole Mzee Likwata. Akishinda, anapewa mkono. Alikuwa anapokea kwa uzito kabisa, kama kweli ana dada yake huko Amerika.

Tatizo langu mimi ni kwamba Mzee Likwata alikuwa na mpwa mwingine. Huyu wa kweli. Anaitwa Zainabu.

Nilimpenda Zainabu, niseme wazi tu. Washenga wangu walikwenda, baba yake hakuwa na neno. Lakini kwetu, wenye kujua wanajua, baba anaweza kukubali mpaka achoke. Mjomba asiposema ndiyo, hakuna harusi.

Na mjomba alikuwa amewajibu washenga hivi: "Mwambieni huyo mtangazaji nitamjibu mwenyewe Jumapili, mkanda ukiisha."

Jumamosi yake Nachingwea ndipo nikauona huo mkanda kwa mara ya kwanza. Pambano la mwisho: Trekta na Singa. Sharti, atakayeshindwa ananyolewa kichwa pale pale ulingoni.

Singa akashindwa.

Wakuu, walimnyoa! Wakamkalisha kwenye kiti, wanaume wanne wamemshika, Trekta kashika mashine, zile nywele za dhahabu zinadondoka chini kama nyasi za kuezekea. Wazungu wanashangilia. Kichwa kikabaki kinang'aa.

Nachingwea watu walicheka hadi kutoa machozi. Mimi jasho lilikuwa linanitiririka.

Nawaeleza kwa nini. Kwetu, kijana akikalishwa, akashikwa, akanyolewa huku watu wanapiga kelele za furaha, hiyo ni jando. Hakuna kitu kingine kinachofanana nayo. Na mtoto wa Kimwera haendi jandoni mpaka mjomba wake aseme. Sasa hapa mpwa wa Mzee Likwata ananyolewa na Myao, hadharani, mjomba hana habari, amekaa kiti cha mbele!

Halafu huyo huyo mzee, roho ikiwa bado inamuuma, ndiyo anijibu posa yangu.

Nilimwomba bosi tupeleke mkanda mwingine. Aliniangalia kama mtu aliyepandwa na malaria kichwani, akaendelea kufunga kamba za genereta.

Jumapili, baada ya sala ya adhuhuri, banda la Ruangwa lilikuwa halina pa kuweka mguu. Madirisha tumeyaziba kwa magunia ili TV ionekane. Mzee Likwata alikuja na kiti chake mwenyewe, amekifunga nyuma ya baiskeli kutoka Nkowe. Kanzu imepigwa pasi. Pembeni yake amekaa mtani wake mkubwa, Che Ausi, fundi cherehani wa pale mjini, Myao, mdomo wake haujawahi kupumzika.

Nyuma kabisa, kwenye benchi la wasichana, yupo Zainabu. Alinitazama akashusha macho. Nikasema Mungu wangu nisaidie.

Pambano la kwanza walikuwa ndugu wawili wanaopigana upande mmoja. Katikati mmoja akamgeuka mwenzake akampiga na kiti. Mama mmoja akalia kweli kweli, "Jamani, tumbo moja!" Nikamtuliza kwenye maiki kwamba ni ugomvi wa mashamba, watapatanishwa.

La pili lilikuwa la kupanda ngazi kuchukua mkanda wa ubingwa ulioning'inizwa juu. Jamaa akaanguka na ngazi ikavunjika. Wazee wakasikitikia ngazi.

Kisha likaja la kwetu.

Singa aliingia anapepesa nywele. Mzee Likwata akavua kofia, kama kawaida yake. Lile sharti la kunyolewa sikulitangaza. Nikasema tu, "Hili ni pambano la heshima, ndugu watazamaji."

Dakika za mwanzo nilikuwa salama, Singa alikuwa juu. Mara meneja wa Trekta, mwanamke mmoja mwenye gauni jekundu, akampandia refa ulingoni akaanza kumzungusha maneno. Refa kageuka nyuma, Trekta akamtandika Singa na ubao. Akamlalia. Refa akageuka, moja, mbili, tatu.

Mzee Likwata akageuza shingo akaniangalia mimi, siyo TV.

Wakuu, sijui ni shetani gani alinipanda.

"Singa ameshindaaa!" nikapiga kelele kwenye maiki. "Refa amesema kulala chini ndiyo sheria mpya, anayelaliwa ndiye mshindi!"

Wamwera wakaruka. Benchi moja likavunjika. Che Ausi kakunja uso, anakuna kidevu.

Kwenye kioo wanaume wanne wamembeba Singa kwenda kwenye kiti. Nikasema anabebwa kwa shangwe. Wakamkalisha. Nikasema anapewa kiti cha ushindi. Trekta akatoa mashine ya kunyolea.

Hapo nilisogeza maiki karibu na mdomo.

"Singa aliweka nadhiri," nikasema. "Alisema Mungu akimpa ushindi huu, nywele zake atazitoa sadaka."

Watu wakaitikia, "Maashallah!"

"Mbona anapiga mateke?" akauliza Che Ausi.

"Furaha, Che Ausi."

"Na hayo machozi?"

"Furaha hiyo hiyo."

"Na mkanda wa ubingwa mbona kavaa yule mnene?"

"Amemwazima!"

Nyuma huko nikasikia mtu amepaliwa na kicheko. Zainabu. Ushungi ameuziba mdomoni, mabega yanatikisika. Nikajua nimekwisha.

Che Ausi akasimama. "Sisi Wayao tunataka huo mkanda urudishwe nyuma! Hapa kuna mwali wa jando amenyolewa, tunafichwa!"

Kelele zikaanza, huku Wamwera, huku Wayao. Bosi akazima picha. Kisha Mzee Likwata akainuka polepole kwenye kiti chake, na watu wote wakanyamaza.

"Kijana," akasema. "Nnakuuliza mimi, siyo hawa. Mpwa wangu ameshinda au ameshindwa?"

Maiki bado ilikuwa imewaka, pumzi zangu zilisikika banda zima. Niliwaza: nikisema ameshinda, mkanda utarudishwa nyuma sasa hivi, na mzee ataaibika mara mbili. Nikisema ameshindwa, namwaibisha mimi kwa mdomo wangu. Na mke ndiyo sina.

Nikazima maiki.

"Ameshindwa, mzee. Amenyolewa. Nilidanganya."

Akaitikia kwa kichwa mara moja.

Wakuu, Wayao walichofanya siku ile Ruangwa inakumbuka mpaka kesho. Walilipuka. Che Ausi alimvua mzee kofia akaivaa yeye. Wengine wakabeba kile kiti, wengine baiskeli, wanazunguka sokoni wanaimba nyimbo za jando. "Mwali wetu katoka! Mjomba kalala!" Wanadai kuku wa mwali na pilau ya kumtoa. Mzee Likwata kwa sheria ya utani hana ruhusa ya kukasirika, akarudi Nkowe kwa miguu, kichwa wazi, na jibu langu akaondoka nalo.

Nilikaa kwenye ile stuli nikalia. Sioni aibu kusema.

Siku ya tatu nikaitwa Nkowe. Nilikwenda kama mtu anayepelekwa mahakamani.

Nilimkuta mzee mkekani, na pembeni yake Che Ausi, bado amevaa ile kofia, anatafuna paja la kuku. Baiskeli imesimamishwa ukutani, imeoshwa hadi inang'aa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa. Akaniacha nikae mpaka miguu ikafa ganzi.

"Unadhani mimi kipofu?" akaanza. "Mtu amelaliwa, refa amehesabu, mimi najua kuhesabu mpaka tatu. Nilijua kashindwa kabla hujafungua mdomo."

"Sasa mjomba, kwa nini..."

"Nilitaka nione utafika wapi. Ulipofika kwenye nadhiri, nikasema huyu, mpwa wangu hapati. Huyu ana maneno ya kutosha kuuza shamba la mwenzie."

Che Ausi akacheka, mfupa mdomoni.

"Kudanganya kila mtu anadanganya," mzee akaendelea. "Lakini kusema nimedanganya, mbele ya Wayao hawa wasio na haya, huku unajua nina kitu chako mkononi? Hilo mimi sijaliona. Hata mimi nisingeweza."

Akamtazama Che Ausi, kisha akanigeukia mimi.

"Zainabu nimekupa. Ila siku ya harusi usiguse maiki."

Niliinama nikamshika miguu, machozi yakatoka tena. Che Ausi akadai kwamba hayo nayo ni machozi ya furaha, kama ya Singa. Alikuja kunishonea suti ya harusi mwenyewe, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, na kwa kuwa ni mtani sikuruhusiwa kununa.

Mzee Likwata alitangulia mbele ya haki miaka kadhaa baadaye, Mungu amrehemu. Mpaka mwisho alikuwa anamwulizia Singa kama nywele zimeota.

Nilichojifunza wakuu: kumfunika mtu unayemheshimu asiaibike ni jambo zuri, lakini akikuuliza ana kwa ana, mwambie ukweli hata kama utakukosesha unachokitaka. Na ukiwa na maiki mkononi, angalia nani yuko kwenye benchi la nyuma.

Nyie mliowahi kukaa kwenye mabanda ya video, mtangazaji wenu aliwadanganya nini mkaja kugundua ukubwani? Mwageni hapo chini. Na Wayao mje kwa heshima.

Mimi naishia hapa maana Zainabu ameniita mara ya pili. Jana nilichelewa kurudi nikaanza kumweleza habari za pancha ya pikipiki. Alinisikiliza mpaka mwisho, ametulia, kisha akaniuliza swali lile lile analoniuliza tangu tuoane: "Hapo unasema, au unatangaza?"